Tupeane uzoefu: umeachiwa mbwa wa watu na nyumbani una paka na kuku

Mama wa Goba: Wakuu habari za jioni. Shemeji kaenda Moshi kula Krismasi kaniachia mbwa wake, dume, jibwa kweli kweli, na mimi nina paka wawili na kuku. Tangu jana paka mmoja yuko juu ya kabati hashuki hata kwa dagaa, mwingine simuoni. Mliopitia haya njooni.

Kimara Mwisho: Desemba hiyo dada, wenyewe wako Rombo mbwa wako kwa majirani. Muwekee paka chakula hukohuko juu, atashuka mkilala.

Fundi Rangi: Waache wazichape siku moja, heshima itakuwepo.

Baba Mapacha: Fundi usimpotoshe mwenzio. Mimi mbwa wangu ni mpole hata watoto wanamkalia, nikaachiwa wa jirani, mchana kutwa wanacheza uani nikajua wamezoeana, jioni dada akawawekea ugali na utumbo kwenye sufuria moja, weee, walishikana shingo vumbi linatimka, mwanangu wa darasa la tatu akaingiza mkono amtoe wa kwetu akachanwa na yule mgeni. Damu. Mama yake anapiga kelele, mimi nimewamwagia ndoo ya maji ndo wakaachiana. Mtoto tukamuweka bombani tukaosha kidonda kwa sabuni robo saa nzima analia, halafu hospitali. Daktari swali la kwanza, mbwa ana kadi ya chanjo? Nampigia mwenye mbwa hapatikani, nimepiga mpaka chaji ikaisha. Mtoto akaanza sindano usiku uleule, mbwa akafungiwa aangaliwe siku 10, na siku zote hizo mke wangu halali, mbwa akiacha maji tu anajua ndo kichaa chenyewe. Alikuwa mzima, ila acheni kabisa.

Tanga Raha: Pole sana baba. Sindano alilipa nani?

Baba Mapacha: Mimi. Yeye alirudi na mkungu wa ndizi.

Fundi Rangi: Sasa alipe nini wakati mgeni alivamiwa kwenye chakula?

Baba Mapacha: Ulikuwepo? Mtoto kachanwa unatetea mbwa!

Mzee wa Pwani: Mbwa akilamba chombo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mnakaa nao vipi ndani?

Tanga Raha: Mzee wangu shikamoo, hajasema analala ndani. Na kumpa maji kiumbe mwenye kiu ni thawabu, unalijua hilo kuliko mimi.

Mtu wa Mifugo: Dada, kadi kwanza. Chanjo ya kichaa inarudiwa kila mwaka. Mkague kupe masikioni na katikati ya vidole. Paka wape chumba chao, kitambaa alicholalia mbwa kiweke mlangoni kwao waizoee harufu kabla hawajaonana. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha. Na mkesha wa mwaka mpya mfungie mapema, fataki zikianza mbwa anaruka ukuta.

Kimara Mwisho: Wa kwetu alikutwa Ubungo.

Mama wa Goba: Asanteni. Kadi nimetumiwa picha, kachanjwa Machi. Paka wa pili kaonekana kwenye dari la jirani. Sasa siku ya fataki nimfungie stoo au bafuni?

Tanga Raha: Stoo, hakuna dirisha.

Fundi Rangi: Bafuni. Stoo kuna mchele.