Mama anatoka Tanga, nataka kumpeleka New Orleans tuonje vyakula huku tukizunguka kwa tramu ya zamani. Nilipie ziara au tuzunguke wenyewe?

BintiPangani:
Wakuu, habari zenu. Mama yangu anakuja kunitembelea hapa Houston mwezi wa kumi, ni mara yake ya kwanza kupanda ndege. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na amepika vitumbua vya kuuza tangu sijazaliwa. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye kile chuma cha vitumbua. Nataka nimpe siku mbili za kukumbuka, nimpeleke New Orleans, ni mwendo wa saa tano na nusu hivi kwa gari.

Kuna ziara za kuonja vyakula: mwongozaji anawapeleka mgahawa hadi mgahawa na katikati mnapanda zile tramu za kijani za zamani, yale mabehewa ya umeme yanayopita kwenye reli za barabarani. Zinavutia, ila wanatoza kwa kichwa na si hela ndogo. Halafu sisi hatuli nguruwe wala chochote chenye pombe, na nasikia kule nguruwe anatiwa mpaka kwenye maharage. Sitaki mama akae mezani anatazama wenzake wakila. Nilipie, au tuzunguke wenyewe? Aliyewahi kufika anisaidie.

Mkwezi_wa_Minazi:
Karibu dada. Nimekaa mji ule miaka minne. Kwanza, wenyeji wanaziita streetcar, ukisema trolley hawakuelewi haraka. Unayoitaka ni njia ya St. Charles. Imeanza 1835 na magari yake ya kijani yaliundwa miaka ya 1920. Nauli ni dola 1.25, tiketi ya siku nzima dola 3. Kwa hiyo ziara ikikwambia unalipia "safari ya kihistoria", ujue sehemu hiyo ya safari ni dola 3.

Ndani hakuna kiyoyozi, madirisha yanafunguliwa, viti ni vya mbao. Mkifika mwisho wa njia kule Carrollton, tramu haigeuki. Dereva anahamia upande wa pili, na egemeo la kiti unalisukuma kwa mkono linalalia upande mwingine, mnaanza kurudi mkitazama mbele. Mwachie mama alisukume mwenyewe.

NguoNyeupe:
Mimi nililipia ziara ya aina hiyo mwaka juzi, kampuni siitaji. Niliwaandikia mapema kwamba hatuli nguruwe, wakajibu hakuna shida. Tulipofika kituo cha pili, supu ina soseji ya nguruwe. Cha tatu, mchuzi umepikwa na mifupa yake. Mume wangu alikula mkate na siagi saa tatu nzima. Mwongozaji alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na watu 14 na ratiba. Hakuweza kusimama akaenda jikoni kutuulizia. Mgeni wa umri wa mama yako anahitaji mtu wa kumsubiri.

Mpishi_Makorora:
BintiPangani, ngoja niseme kama mpishi, maana hapa kuna jambo kubwa kuliko tramu.

Mama yako akifika kule atakuta chakula anachokijua. Gumbo ni mchuzi mzito, na jina lenyewe linahusishwa na neno la Kibantu la Angola lenye maana ya bamia. Jumatatu wanakula maharage mekundu na wali, desturi ya siku ya kufua: sufuria inakaa jikoni yenyewe huku watu wakiwa kwenye nguo. Praline ni kashata, tofauti ni kwamba badala ya nazi wanatia pecan, aina ya kokwa, na siagi. Beignet ni andazi la mraba lililofukiwa kwenye sukari ya unga. Café du Monde wanauza tangu 1862, pamoja na kahawa yenye maziwa iliyochanganywa na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa.

Sasa sikia hili. Kuna kitu kinaitwa calas. Ni wali uliopondwa, hamira, mayai, sukari, unakaangwa kwenye mafuta. Ni ndugu wa kitumbua. Wanawake wa Kiafrika waliviuza barabarani vikiwa kichwani, wakinadi kwa Kifaransa kwamba ni vya moto. Enzi za utawala wa Wahispania mtumwa aliruhusiwa kujinunua, na wapo waliojikomboa kwa hela ya calas. Mama aliyesomesha kwa vitumbua asirudi Tanga bila kulijua hilo.

Kwa ulaji wenu: gumbo hata ya samaki na kamba uliza supu imetoka wapi, usiishie kuuliza kama ina nyama. Maharage yaacheni mpaka mhakikishiwe. Bread pudding, ile pudini ya mkate, karibu kila mahali ina wiski juu. Kilicho salama zaidi ni po'boy, yaani mkate uliojazwa, ya kamba wa kukaanga. Mkate wake ni kama boflo yenye ganda linalovunjika. Na hiyo ina ukoo na tramu: inasimuliwa kwamba ndugu wawili wa familia ya Martin, waliowahi kuwa makondakta, waliwalisha bure wafanyakazi wa tramu walipogoma 1929.

Mkwezi_wa_Minazi:
Kuhusu magoti: tramu za kijani zina ngazi ndefu na hazina lifti. Zile nyekundu za Canal Street zina lifti na kiyoyozi. Kama mama anaweza kupanda ngazi tatu akishikwa mkono, pandeni ya kijani pale inapoanzia, Canal na Carondelet, asubuhi saa mbili. Mtapata kiti. Ukisubiri saa tano utasimama.

BintiPangani:
Ahsanteni sana wakuu. Ziara nimeiacha. Tutapanda wenyewe, na hela hiyo tutaitumia kulala usiku mmoja zaidi. Mpishi, hizo calas nazipata wapi?

Mpishi_Makorora:
Si kila mgahawa unazo siku hizi. Piga simu kwa wanaopika kifungua kinywa cha Kikrioli, yaani upishi wa jadi wa kule, siku moja kabla, na hapo hapo uulize wanakaangia mafuta gani.

BintiPangani:
Nimempigia mama sasa hivi, nimemweleza habari yote ya wale wanawake. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na wao wanatia iliki?"

Mpishi_Makorora:
Mwambie shikamoo. Hawatii iliki, wanatia kungumanga.