Tangi la maji baridi na la maji chumvi, lipi linasumbua zaidi kulitunza?

Mfugaji120
Wakuu habari za jioni. Nina tangi la maji baridi lita 120, mwaka wa pili sasa, humo nina samaki wadogo aina ya gapi na neoni, kila wiki natoa maji kama robo hivi naweka mengine nasugua kioo basi, haliniumizi kichwa kabisa. Sasa nimewapenda sana klaunifishi, wale samaki wa maji chumvi wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Kuna aliyeniambia kazi ni ile ile unaongeza chumvi tu, mwingine kasema nisithubutu. Nimsikilize nani?

Mzee wa Mwani
Mkuu huyo wa "unaongeza chumvi tu" hajawahi kufuga. Maji yakikauka chumvi haiendi nayo, inabaki humo humo, kwa hiyo kila siku maji yanazidi kuwa makali. Kwenye maji baridi yakishuka vidole viwili unajazia hata wikiendi, huku unajazia kila siku, tena kwa maji yasiyo na chumvi. Mimi mwanzoni nilikuwa najazia ya chumvi nikijua ndo sahihi, wiki ya tatu naona samaki wamelala chini wanahema haraka haraka, kupima uzito wa maji kulinganisha na maji matupu nakuta 1.032 wakati inatakiwa 1.025 hivi. Nikashusha taratibu kwa siku kadhaa, wawili wakapona, mmoja nikampoteza na mpaka leo inaniuma. Nunua refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi, kabla ya samaki.

Dada Tangi
Nakazia hapo. Halafu maji ya kubadilisha nayo yana kazi yake, ya bomba unatia dawa ya klorini unamimina, ila ya chumvi mimi nayakoroga kwenye ndoo siku moja kabla, na pampu na hita ndani mpaka yawe meupe yasiwe na ukungu, na chumvi ni ile maalum ya akwariamu siyo ya mezani jamani. Na tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa kwa utando, ya bomba yanaweza kuja na fosfeti ambayo ni chakula cha mwani, mwani ukatamba kioo kizima, yakiwa na shaba ndo kabisa, konokono na kamba wako wanakufa.

Sponji
Ila tusimtishe mwenzetu, kuna kitu hakibadilikii popote nacho ni bakteria wa kwenye filta. Wanageuza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti halafu nitrati, na kuwasubiri mara nyingi ni kama wiki 4 mpaka 6 kwa tangi la aina yoyote. Tofauti ni kwamba maji chumvi yana pH ya 8.1 hadi 8.4, na pH ikiwa juu amonia inakuwa sumu kali zaidi, kwa hiyo ukiingiza samaki mapema huku unaumia haraka. Na usichukue tangi dogo ukidhani ndo la kujifunzia, maji machache yanabadilika ghafla.

Mfugaji120
Asanteni sana wakuu, hiyo ya kujazia kila siku sikuijua kabisa. Nimeshachora mstari wa makapeni kwenye kioo cha hili hili la maji baridi, kuanzia kesho najazia kila asubuhi mpaka kwenye mstari. Nikimaliza miezi miwili sijaruka siku ndo nitafute refraktomita.

Mzee wa Mwani
Safi sana mkuu. Ukisafiri umwachie nani? Mfundishe na huyo kuanzia sasa.