Naomba ushauri: video ya wimbo ya kikundi chetu, midomo inaachwa nyuma na sauti, na hatujakubaliana nani ahariri

Kiitikio aliandika:

Ndugu wadau, habari zenu. Sisi ni wanafunzi wanne tuliopewa kazi ya kikundi ya kutengeneza video ya wimbo uliotungwa na mwenzetu mmoja, ambaye pia ndiye mwimbaji anayeonekana katika video hiyo. Wimbo una dakika 3 na sekunde 20, na mwendo wake ni midundo 100 kwa dakika. Upigaji picha tumeumaliza. Tunazo klipu 11 za mwimbaji akiimba wimbo mzima, 6 zikiwa za kamera iliyowekwa fremu 25 (yaani picha tuli zinazounda video) kwa sekunde na 5 za simu, mbali na picha za kisa chenyewe, cha msichana anayesubiri barua. Zimebaki siku 12 kabla ya kukabidhi.

Tatizo la kwanza ni la kiufundi. Nilizipanga klipu zote juu ya wimbo na kuzilinganisha kwa kofi tulilopiga mwanzoni mwa kila klipu. Ubeti wa kwanza umekaa vizuri kabisa, lakini katika klipu za simu, kadiri wimbo unavyosonga ndivyo midomo inavyoachwa nyuma. Mwishoni mwa ubeti wa tatu kuna neno "mbali". Nililisogeza fremu kwa fremu, nikaona kwamba sauti ya "mb" inasikika wakati midomo ya mwimbaji bado iko wazi, kisha midomo inafumba fremu 6 baadaye. Klipu za kamera hazina kasoro hiyo.

Tatizo la pili linanisumbua zaidi. Kila mmoja wetu anataka kuhariri, kwa sababu kila mmoja atatakiwa kuandika maelezo ya mchango wake. Juzi nilifungua mradi nikakuta kiitikio chote kimekatwa upya na mwenzangu, na kazi yangu ya jioni nzima haipo tena. Hatukugombana, lakini tangu siku hiyo mazungumzo yetu yamekuwa mafupi. Naomba mnielekeze katika yote mawili.

Fremu kwa Fremu alijibu:

Pole, na hongera kwa kupima badala ya kukisia. Kipimo chako cha "mb" ni sahihi, kwa kuwa herufi m, b na p hufumba midomo na ndizo zinazofichua kosa upesi kuliko nyingine zote.

Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu isiyo thabiti. Huandikwa kwamba ni fremu 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua au simu ikipata joto, idadi hiyo hupanda na kushuka, na programu ya kuhariri inayodhani kwamba kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho huziweka fremu mahali pasipo pake. Ndiyo maana kofi la mwanzoni halikusaidia: linarekebisha tofauti isiyobadilika, wala si tofauti inayokua. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, fremu zako 6 ni sawa na milisekunde 240. Pendekezo BT.1359 la ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) la mwaka 1998 linaeleza kwamba watazamaji huanza kugundua hitilafu sauti inapotangulia picha kwa takribani milisekunde 45, ilhali sauti ikichelewa huvumilia hadi takribani milisekunde 125. Kwenu sauti ndiyo iliyotangulia, yaani upande ambao jicho halisamehe.

Zipitishe klipu za simu katika HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha faili za video, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika. Kisha uzilinganishe upya, ukikagua mwanzo, katikati na mwisho. Faili za asili msizifute. Muda ukiwa mfinyu, ipo njia ya mkato ambayo binafsi naiona salama kabisa: ikate klipu ndefu katika vipande vya mstari mmoja mmoja wa wimbo, na kila kipande ukilinganishe peke yake kwa kutazama midomo. Picha inayokaa sekunde 4 kwenye kioo haina muda wa kupotea hata nusu ya fremu.

Mkasi Mkongwe alijibu:

Mwenzangu ameshalimaliza la kwanza, nami nitasema la pili. Mwanangu, taimulaini, yaani mstari wa muda ambapo klipu hupangwa, ni ya mtu mmoja. Sisemi video ni ya mtu mmoja, bali faili ile ambayo mtu akiigusa kila kitu kinasogea. Chagueni mshikaji wa faili hiyo, na kila siku ahifadhi toleo jipya lenye namba, bila kuandika juu ya la jana, na nakala ikae katika diski ya pili. Laiti mngefanya hivyo, kiitikio chako kingekuwapo hata sasa.

Wengine watatu wasikae bure wala wasisimame nyuma ya kiti wakinyoosha vidole. Kila mmoja atazame toleo la siku akiwa peke yake na aandike maoni yenye dakika na sekunde: "1:12, mkono umeshakunjua barua, picha inayofuata mkono bado umeikunja." Maoni ya namna hiyo yanatekelezeka. "Hapa pamepooza" halitekelezeki. Karatasi hizo ndizo zitakazokuwa ushahidi wa mchango wa kila mtu, nazo zina uzito kuliko mtu kudai kwamba alikata sekunde 40.

Mwalimu wa Picha alijibu:

Nakubaliana na Mkasi Mkongwe kwa sehemu tu. Nimesimamia kazi za namna hii kwa muda mrefu, na nimeona kwamba mwanafunzi aliyeandika maoni pekee hukosa jambo ambalo hujifunzwa kwa mkono. Siku tatu za mwanzo, kila mmoja achukue nakala nyepesi za klipu na ahariri ubeti uleule mmoja kwa namna yake, katika mradi wake mwenyewe. Mtatazama wanne kwa pamoja. Baada ya hapo mtajua nani ana sikio la mdundo na nani ana jicho la kisa, na mshikaji atachaguliwa kwa kazi iliyoonekana. Msigawane beti ili kila mtu amalize wake, kwani mishono huonekana.

Kuhusu mdundo: kwa midundo 100, kila mdundo ni fremu 15 katika kasi ya fremu 25, na midundo minne ni fremu 60. Hesabu hiyo ni nzuri mno, na kwa sababu hiyohiyo ina mtego. Mkikata katika kila mdundo mtakuwa na picha zaidi ya 330, na mtazamaji atazoea kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Kateni kwa mwendo ulio ndani ya picha, kama vile kichwa kinapogeuka au mlango unapofunguka, na mdundo muuweke akiba kwa kiitikio. Mimi hukata fremu moja au mbili kabla ya mdundo, ili jicho liwe limeshafika ngoma inapolia.

Kiitikio aliandika:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Klipu tatu kati ya tano za simu zimekaa sawasawa baada ya kubadilishwa. Mbili zilizobaki nimezikata kwa mistari. Ubeti mmoja tumeuhariri wote wanne, na mshikaji amepatikana bila ubishi, wala si mimi. Mimi nimepewa rangi na maandishi.

Limebaki moja. Mwimbaji wetu anataka uso wake uonekane karibu wakati wote, na ni vigumu kumkatalia kwa sababu wimbo ni wake. Tumwambieje?

Mkasi Mkongwe alijibu:

Msimwambie neno. Zimeni sauti, mtazame video nzima kimyakimya, yeye akiwa katikati yenu, kisha mmwulize msichana wa kwenye kisa anasubiri nini.

Kiitikio aliandika:

Tumefanya hivyo jana jioni. Alitazama hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hajui, kwa kuwa barua haionekani hata mara moja baada ya ubeti wa kwanza. Ni yeye mwenyewe aliyesema uso wake uondolewe pale kwenye "mbali", pakae mkono wa msichana juu ya bahasha, na sauti ibaki peke yake. Mshikaji ameirefusha picha hiyo hadi fremu 60, na leo tumekubaliana kwamba mkato hauguswi tena. Nimeanza rangi, ingawa klipu za simu zina umanjano kuliko za kamera, nami nimeanzia na ngozi ya uso kabla ya kugusa ukuta.