Mrejesho: medali za mashindano ya watoto, Dodoma

Wakuu, niliuliza namna ya kupata medali za riadha na mpira za watoto wa mtaa wetu bila kukausha mfuko wa kamati. Asanteni, tumezipata.

Za chuma cha kumimina tuliziacha. Kinachouma ni kalibu, yaani umbo la kumiminia chuma: gharama yake ni ileile uchukue medali kumi au elfu, na sisi tulihitaji chache. Tukaenda kwa fundi wa leza, akakata mbao nyembamba. Hapo hakuna kalibu, mchoro unabadilishwa kwenye kompyuta tu. Moja ilitoka 2,500 pamoja na utepe.

Mchoro ni kichala cha zabibu, Dodoma hii! Mkuu uliyeshauri tuweke kaulimbiu na wadhamini wote, utusamehe: kwenye duara la sentimita 6 herufi hazisomeki. Wadhamini wamehamia kwenye utepe, ambao pia ndio unaotofautisha washindi kwa rangi, hivyo medali zote ni muundo mmoja. Mwaka hatukuuandika makusudi, zilizobaki tutazigawa mwakani.

Msisitizeni fundi apige msasa kingo. Watoto wakipigwa picha lazima wazing'ate.

Anayetaka mchoro aseme, namtumia bure.