Jogoo na matetea wote wa majivu, mbona vifaranga weusi na weupe?

Kijana wa Nala:
Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Niko Nala, Dodoma. Nina jogoo wa rangi ya majivu, akipita hata asiyefuga anageuka. Nikamtafutia matetea wanne wa rangi hiyohiyo nikijua banda litajaa majivu. Wametotoa 22: majivu 11, weusi 6, na watano weupe wenye madoa kama wamerushiwa wino. Sasa wana miezi miwili. Jirani anasema nimeuziwa machotara. Hao weupe nataka niwachinje, mwewe wa huku anawaona toka mbali. Nimekosea wapi?

Mama Vifaranga:
Weka kisu chini mwanangu. Hujapigwa. Majivu ni kuku mweusi aliyebeba jeni moja ya kufifisha rangi. Akirithi mbili, kwa baba na kwa mama, anafifia mpaka anakuwa hao wa madoa. Jogoo wako anayo moja na matetea kila mmoja anayo moja, kwa hiyo kwa wastani kila vifaranga wanne utapata mweusi mmoja, majivu wawili, wa madoa mmoja. Rudia hesabu yako uone.

Ukiendelea kupandisha majivu kwa majivu utabaki na nusu miaka yote. Chukua jogoo wa madoa, mpe matetea weusi tii: watoto wote majivu. Hao unaotaka kuwachinja ndio mbegu yenyewe! Ila weusi watoke ukoo mwingine, usioze ndugu. Na wasiwe na wekundu shingoni, utaleta mchanganyiko mwingine.

Mzee wa Kibaigwa:
Aongeze na hili, lilinigharimu msimu mzima. Tetea hutunza mbegu ya jogoo tumboni wiki mbili, hata tatu. Mimi nilibadilisha jogoo leo, kesho naokota mayai ya kuatamisha. Wakatoka vifaranga wa jogoo niliyekwisha mla! Watenge wiki nne, mayai ya kipindi hicho kaangeni tu. Na jogoo wa jirani asiruke uzio.

Mla Kidari:
Mnahangaika na manyoya, mteja anayanyonyoa. Fugeni uzito.

Kijana wa Nala:
Mkuu, mimi nauza mbegu, si supu. Mama, ubarikiwe. Swali dogo: jogoo mkubwa mgongoni ameanza kuwa kama kutu. Ugonjwa?

Mama Vifaranga:
Jua hilo la Dodoma, linababua manyoya. Mwekee kivuli. Akipukutisha yataota mapya, na wakati huo muongezee mashudu ya alizeti na dagaa, manyoya ni protini tupu.

Kijana wa Nala:
Sawa. Kati ya wale watano mmoja upanga umeshaanza kuwa mwekundu, nadhani bwana harusi ni huyo. Matetea weusi nawafuata mnadani Msalato.

Mzee wa Kibaigwa:
Wafunue manyoya ya chini ya bawa kabla hujalipa, uone kama ni weusi tii kweli. Na ukifika nao usiwachanganye siku hiyohiyo, ugonjwa wa mdondo hautazami rangi.