Naomba ushauri: nina konokono wasioambukizwa kichocho, niwaachie bondeni?

Mkaazi wa Wete: Assalaam alaykum. Nafuga ndooni konokono wa maji baridi, wale wenye gamba lililojipinda kushoto, niliowaokota katika bonde letu la mpunga. Niliwatia pamoja na viluwiluwi vya kichocho, yaani watoto wa mdudu huyo niliowaangua kutoka kwenye mayai yake, na baada ya wiki moja, nilipoiweka ndoo juani adhuhuri, niliona kwa kioo cha kukuzia vimelea vyenye mikia iliyogawanyika ncha mbili vikitoka kwa wengi wao. Wachache hawakutoa kitu. Nataka kuwazalisha hao na kuwaachia bondeni ili kizazi chao kichukue nafasi ya wanaoeneza maradhi, lakini moyo unasita.

Mwalimu Mstaafu: Wa alaykum salaam. Konokono hana kingamwili kama zetu, ila hayuko mikono mitupu. Katika damu yake zimo protini zinazomtambua mdudu na kumganda, kisha chembe za damu humzingira tabaka juu ya tabaka na kummwagia kemikali kali, kama vile hidrojeni peroksaidi, mpaka afe. Mdudu anayefanikiwa ni yule anayejificha zisimtambue au anayezilegeza. Mengi ya haya yamechunguzwa kwa konokono wa Marekani ya Kusini na visiwa vya Karibi, Biomphalaria glabrata, ambaye jenomu yake, yaani mkusanyiko mzima wa vinasaba vyake, ilichapishwa 2017. Wetu ni Bulinus globosus. Zaidi ya hayo, konokono anayemshinda mdudu wa ukoo mmoja anaweza kushindwa na wa ukoo mwingine.

Pweza wa Nungwi: Kumbe konokono ana kikosi kizima ndani ya gamba, na mimi mafua tu yananilaza!

Bi Mkubwa wa Chake: Utotoni mwetu tulikoga mtoni kila siku, na wavulana wa rika langu walidhani kukojoa damu ni dalili ya kubaleghe. Mwanangu, mayai ya kichocho hayauzwi dukani. Wewe uliyapata wapi?

Mkaazi wa Wete: Niliyapata hapa nyumbani. Naomba turudi kwenye suala la konokono.

Bi Mkubwa wa Chake: Hapo nyumbani kwa nani?

Mkaazi wa Wete: Kwa mtoto wa dada yangu. Anakojoa damu kidogo mwisho wa haja, lakini halalamiki. Akimeza dawa, mayai yatakwisha kabla sijawajaribu tena wale wachache, na faida ya jaribio hili ni ya kijiji kizima.

Bi Mkubwa wa Chake: Kibofu cha mtoto si maabara yako! Mayai yanayobaki mwilini hukikakamaza kibofu na kuharibu figo, na dawa ya kichocho, praziquanteli, ipo. Mama yake anajua?

Mbishi wa Mkoani: Jamani, hadithi hii imetungwa. Kiluwiluwi akishampenya konokono huchukua wiki kadhaa, aghalabu zaidi ya mwezi, kuzaliana ndani yake kabla ya vimelea kutoka. Wiki moja haitoshi kabisa.

Mwalimu Mstaafu: Si lazima awe ametunga. Aliwaokota bondeni, hivyo yumkini waliotoa vimelea walikuwa wameshaambukizwa huko huko. Hao wachache nao pengine hawakupenywa hata kidogo, au wamepenywa na wakati wao haujafika. Kwa jaribio hili hatuwezi kusema kinga yao imemshinda mdudu yeyote, na ukiwaachia unaweza kuwa unaongeza waenezaji.

Mkaazi wa Wete: Sijatunga, na bado naamini wazo lenyewe ni zuri. Kusini mwa Unguja kuna Bulinus nasutus asiyebeba kichocho chetu, kwa hiyo konokono mkinzani si ndoto. Mama yake hajui. Nitamwambia leo na mtoto atapelekwa kituoni kesho. Ila maji ya ndoo, ambayo nimekuwa nikitia mikono bila glavu, niyamwage wapi?

Mwalimu Mstaafu: Usiyamwage mtaroni wala bondeni. Yamwagie maji yanayochemka, konokono wakiwemo, au wapeleke hai katika chombo kilichofunikwa kwenye maabara ya Ivo de Carneri, Chake Chake, ukiulizia kwanza kama watawapokea. Na kesho mtoto akipimwa mkojo, pimwa na wewe, kisha uulize urudi lini, kwani maambukizi mapya hayaonekani mkojoni mapema.

Pweza wa Nungwi: Wakikupima watuletee na matokeo ya Mbishi.