Nabongo na Orkoiyot: yupi alikuwa mfalme hasa?

Mwana_Kondele: Hamjambo wenzangu. Jumapili tulisomewa 1 Samweli 8, Waisraeli wanadai mfalme na Samweli anawaonya kuwa atawachukulia wana na mashamba. Tangu hapo nawalinganisha wawili wa huku kwetu magharibi mwa Kenya: Nabongo, mtawala wa Wawanga, na Orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi. Yupi alikuwa mfalme hasa?

Mjukuu_wa_Elureko: Nabongo. Ana ukoo wa enzi, Abashitsetse, ana wazee wa baraza, na ndiye anayesimama kati ya watu na mababu waliozikwa Matungu. Nabongo Mumia alishika kiti mwaka 1882, Waingereza wakamkuta tayari anatawala.

Jirani_Kapsabet: Kwetu kesi za mashamba ziliamuliwa na kokwet, wazee wa kijiji. Orkoiyot hakuingilia. Yeye alitabiri na kubariki vita, na vijana hawakutoka bila neno lake. Ila neno likileta maafa, alilipa mwenyewe: Orkoiyot Kimnyole, baba yake Koitalel aliyekuja kuwa Orkoiyot pia, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito. Mtu wa Mungu, na bado anaulizwa.

Mama_Kimilili: Mjukuu, kwa heshima, sema na la Murunga. Huyo ndugu yake Mumia tuliletewa sisi Wabukusu awe chifu wetu. Babu yangu akilisikia jina hilo mezani alikuwa anaweka tonge chini. Ufalme ule ulibebwa na bunduki za Mzungu, na Samweli alishaonya.

Mjukuu_wa_Elureko: Nakubali mama, mliumizwa. Lakini tutenganishe uchifu na unabongo. Uchifu mkuu Waingereza walimpa Mumia mwaka 1909, na mwaka 1926 wakamstaafisha. Kwa Wawanga alibaki Nabongo hadi kufa kwake mwaka 1949. Kama ingekuwa bunduki tu, angesahaulika siku ile alipostaafishwa.

Mwalimu_Nakuru: Hoja nzuri. Nami naongeza ya Koitalel. Hakuwa na serikali, lakini Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza, alipomuua tarehe 19 Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, vita vya Wanandi dhidi ya Waingereza vilivunjika. Fimbo za Koitalel zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Niliziona Nandi Hills: vijiti vya kushika mkononi tu, na mzee mmoja kando yangu akavua kofia.

Mwana_Kondele: Asanteni sana. Mjukuu, mgeni akifika Matungu anaanza kwa nani?